Jina Lililoandikwa Mara Tano

Kila Jumatatu asubuhi, kabla wachezaji hawajaingia, Kocha Duane Pruett alisimama mbele ya ubao mweupe wa ofisi yake na kuupanga ukuta upya. Ukuta, katika mpira wa Kimarekani tuliocheza, ndilo jina tulilowapa wale wanaume watano wakubwa wanaoinama mbele ya mrushaji wetu wa mpira na kuwazuia wapinzani wasimfikie: mmoja katikati, wawili ubavuni, wawili kwenye ncha. Mstari wa juu wa ubao ulikuwa wa wanaoanza mchezo. Mstari wa chini ulikuwa wa akiba, na hapo ndipo wageni walipodhani kwamba kocha anafanya mzaha. Chini ya kila nafasi, zote tano, paliandikwa jina moja: Haldorsen.

Nilifanya kazi katika Chuo cha Vesterlund kwa miaka minne. Cheti changu ni cha ufundi wa huduma kwa wanamichezo, mafunzo ya miezi ishirini. Nilifunga vifundo vya miguu kwa tepu, nilipima, niliandika, na nilichokiandika nilimpelekea daktari wa timu. Wachezaji waliniita Fundi. Orrin Haldorsen nilimfunga miguu kila Jumamosi kama wenzake, ingawa mara nyingi tepu ile niliikuta baada ya mchezo ikiwa vilevile nilivyoiacha.

Alizaliwa katika shamba la viazi sukari, vile vinavyokamuliwa sukari kiwandani, karibu na Mto Mwekundu, mwendo wa saa moja kutoka chuoni. Baba yake, Arvid, alikuwa mtu wa maneno machache, na Orrin alirithi maneno hayo machache pamoja na mabega. Alipofika chuoni alikuwa na ratili mia tatu na tano na hakuwa na nafasi yake maalumu. Mazoezini, yeyote aliyeumia, Orrin aliambiwa asimame mahali pake. Wengine wangelalamika. Yeye aliandika wajibu wa kila nafasi kwenye kadi ndogo, kwa herufi zilizonyooka, akazisoma akisubiri nguo zake zikauke kwenye mashine. Kufikia mwaka wa pili hakuna mtu chuoni, kocha akiwemo, aliyeujua ukuta mzima kama yeye.

Kujua huko ndiko kulikomweka benchi. Katika mwaka wake wa tatu, ambao kwangu ulikuwa wa pili, nilikuwa nikipanga tepu kabatini alipoingia ofisini kuuliza. Mlango ulikuwa wazi.

"Kocha, ncha ya kushoto naiweza kuliko Randall."

"Unaiweza. Nani alisema huiwezi?"

"Basi niweke."

"Haldorsen, sikiliza. Randall akiumia, naingiza nani? Wewe. Wa katikati akiumia? Wewe. Sasa nikikuanzisha, nimepata mtu mmoja na nimepoteza watano. Hesabu hiyo inanishinda."

"Sawa, Kocha."

Hakuuliza tena. Boone Wickstrom, aliyecheza ubavu wa kulia na ambaye hakuwahi kunyamaza hata akifungwa taya, alimpokea kwenye chumba cha kuvalia.

"Usinune, jamaa. Wewe ni tairi la akiba. Tena la ajabu, linaingia gari lolote!"

"Siku likipasuka lako, usinipigie kelele."

"Langu halipasuki. Limejazwa nyama choma." Akajipiga tumbo, na chumba kizima kikacheka. Orrin naye alicheka.

Mzee Arvid hakuweza kuja michezoni msimu wa mavuno. Viazi sukari vikianza kung'olewa mwezi wa Oktoba, malori hayalali mpaka ardhi iwe tupu. Alikuja mara moja tu kwa mwaka, mchezo wa mwisho wa nyumbani, mwezi wa Novemba. Novemba nne mfululizo aliketi juu ya mstari wa katikati ya uwanja, amevaa kofia yenye masikio, na Novemba nne mfululizo alimwona mwanawe akiingia sekunde chache tu, wakati wa mateke, mpira unapopigwa kwa mguu, kisha akirudi kusimama. Baada ya mchezo alimshika bega na kumwambia, "Nguo safi kabisa. Mama yako atashukuru." Orrin alitabasamu. Mimi niliyekuwa nikikusanya chupa za maji karibu nao sikuwahi kuona utani uliowachosha watu wawili kiasi kile.

Mwaka wa tano ulikuwa wa mwisho wake; baada ya hapo sheria haimruhusu mtu kucheza tena. Jumamosi ya kwanza ya Novemba tulikuwa ugenini, na katika robo ya pili goti la Wickstrom lilipinda upande ambao goti halipindi. Nilipokuwa namfungia barafu alimwita Orrin kwa sauti ya kilio na kicheko pamoja. "Nenda, tairi! Nenda, bwana! Usiniaibishe!" Orrin akavaa kofia yake ya chuma na kuingia. Alicheza mpaka mwisho. Katika robo ya tatu alimgonga mtu kwa utosi, akabaki amepiga magoti muda mrefu kidogo kuliko ilivyo kawaida, kisha akainuka na kurudi kwenye mstari. Niliona. Niliandika dakika yake kwenye daftari langu, nikamuuliza alipotoka. Akasema amekosa pumzi.

Jumapili, kwa desturi yetu, Kocha Pruett alitazama video ya mchezo na kumpa kila mtu wa ukuta alama kwa kila tendo: jumlisha au toa. Orrin alifanya vizuri, isipokuwa jambo moja. Mtu wa upande wa kulia huinama akiwa ameweka mkono wa kulia chini. Kuanzia robo ya tatu, mara kumi na moja, Orrin aliinama na mkono wa kushoto.

"Toa, toa, toa," kocha alisema mbele ya wote. "Haldorsen! Huu ni upande gani?"

"Wa kulia, Kocha."

"Basi weka wa kulia chini. Mnaona? Nimemfundisha nafasi tano mpaka mikono yake imesahau inakaa wapi!"

Wakacheka. Lilikuwa kosa ambalo sisi tu tungeweza kulifanya, na mwanzoni nami nililifanya: kwa mtu anayecheza kila upande, mkono uliobadilika ulionekana kama mkanganyiko. Jumatatu kocha alifuta jina la Wickstrom na kuliandika la Haldorsen mstari wa juu, ubavu wa kulia. Dakika tano baadaye nilimsikia Orrin kwenye korido, simu sikioni.

"Baba? Naanza Jumamosi... Hapana, siyo mateke. Naanza, mwanzo kabisa... Ubavu wa kulia. Namba ya jezi ni ileile... Ndiyo. Njoo mapema."

Jumanne na Jumatano aliweka mkono wa kulia chini kama alivyoagizwa. Lakini ukitazama vidole, havikuzama kwenye nyasi. Uzito wote ulikuwa miguuni. Nilitazama siku zote mbili. Alhamisi alipopanda kwenye meza yangu kufungwa, aliushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akauweka pajani kama mtu anavyoweka mzigo.

"Nipe mkono huo," nikasema.

"Leo ni miguu tu, Fundi."

"Nipe, Orrin."

Nikampa kipimo cha kubana. Mwezi wa Agosti mkono ule ulibana ratili mia moja na thelathini. Sasa ulibana arobaini na moja. Wa kushoto, themanini na nane.

"Pale robo ya tatu ulisikia nini?"

Alitazama mlangoni kwanza. "Kama umeme. Kutoka shingoni kwenda chini."

"Mkono wa kulia?"

"Yote miwili."

"Na sasa?"

"Nikiinamisha shingo, kidogo. Siyo kama ile siku."

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

Niliweka kipimo mezani. "Ingekuwa mkono mmoja, tungezungumza mambo mengine. Miwili ni uti wa mgongo. Siwezi kukaa nalo."

"Siku mbili, Fundi. Jumapili nitakuja mwenyewe. Nitajaza fomu kwa mkono wangu, nitatia sahihi. Miaka minne sijakuomba hata tepu ya ziada. Nakuomba siku mbili."

"Ukigongwa tena pale pale huenda usiinuke."

"Baba anakuja."

"Najua."

"Hujui," alisema, bila hasira yoyote, akaanza kuifungua mwenyewe tepu niliyokuwa nimeshaifunga.

Nilijaza fomu kama nilivyofundishwa: saa, tarehe, vipimo vya mikono yote miwili, maneno ya mgonjwa kama alivyoyasema. Niliisoma mara mbili. Daktari alimwondoa mazoezini kabla ya mchana, na picha ya Ijumaa ilionyesha kwamba njia ya uti ndani ya shingo yake ilikuwa nyembamba tangu kuzaliwa. Hatacheza tena, daktari akaandika, na akapiga mstari chini ya neno la mwisho.

Nilipeleka nakala kwa Kocha Pruett. Aliisoma akiwa amesimama, akachukua kifutio, akalifuta jina mstari wa juu. Kisha akashuka mstari wa chini, ambako lilikuwa bado limeandikwa chini ya kila nafasi, akalifuta moja moja. Kazi ile ilichukua muda mrefu kuliko inavyopaswa. Alipomaliza, nusu ya ubao ilikuwa nyeupe.

"Mtu mmoja," akasema. "Na sina mtu popote."

Ubavu wa kulia aliandika Bakke, mchezaji wa mwaka wa kwanza ambaye hata jina lake ilibidi amuulize msaidizi herufi zake.

Jumamosi mchezo ulikuwa saa saba mchana. Mzee Arvid alifika saa tatu asubuhi. Orrin hakuwa amemwambia kwa simu. Alimsubiri kwenye maegesho, amevaa jezi juu ya koti, na kutoka mlango wa chumba changu niliwaona wamesimama kando ya gari, Orrin akizungumza, baba yake akitazama chini. Baadaye mzee alikuja mpaka mlangoni, akavua kofia.

"Wewe ndiye uliyeandika?"

"Ndiyo, mzee."

"Mkono utarudi?"

"Daktari anasema kiasi."

"Nilisimamisha mashine na ekari thelathini bado ziko ardhini. Sijawahi kuacha kiazi ardhini kwa ajili ya kitu chochote." Hakusema kama alilisema hilo kunilaumu. Akavaa kofia, akaenda kumtafuta mwanawe, kwa sababu desturi ya mchezo wa mwisho ni kwamba kila anayemaliza hutembea na wazazi wake mpaka katikati ya uwanja na jina lake hutangazwa. Walitembea. Watu walipiga makofi kwa adabu. Mama yake alikuwa kazini hospitalini mjini siku hiyo, kwa hiyo walikuwa wawili tu, na mzee alikuwa amemshika mkono wa kulia, ule mbovu, labda bila kujua.

Bakke alianza. Orrin alisimama kando ya uwanja, na kila Bakke alipotoka alimwinamia. "Yule namba tisini anaanza na bega la kushoto. Usimfuate macho, fuata kiuno." "Sawa, bro." "Na pumua. Hukupumua robo nzima." Bakke aliangushwa mara mbili mwanzoni, baada ya hapo hakuangushwa tena. Ukuta ulisimama. Tulishinda ishirini na nne kwa ishirini, wakaimba chumbani mpaka vioo vikatetemeka, na Wickstrom akiwa kwenye magongo akapanda juu ya benchi na kutangaza kwamba ushindi umetokana na goti lake. Orrin aliimba pia. Mzee Arvid alikuwa ameondoka dakika chache kabla ya mwisho. Viazi vilikuwa vinamngoja.

Jumapili asubuhi nilipeleka orodha ya majeruhi ofisini. Kocha Pruett alikuwa akitazama video peke yake. Orrin aliingia nyuma yangu kurudisha kitabu cha mbinu, na kadi zake zilikuwa ndani, zimefungwa kwa raba. Kwenye meza kulikuwa na karatasi ya alama, wino haujakauka vizuri: Bakke, asilimia themanini na moja. Kwa mtu anayeanza mara ya kwanza ilikuwa alama kubwa, na Orrin aliijua thamani yake kuliko mimi.

Aliisoma.

"Kijana amefanya vizuri," akasema.

"Vizuri sana. Amenishangaza."

"Alikuwa na wiki moja tu kwenye nafasi ile."

"Siku mbili."

Orrin alikitelezesha kitabu juu ya meza kwa mkono wa kushoto. "Kocha, ule mwaka wa tatu. Ungeniweka ncha ya kushoto, mtu akaumia, ungepata wa kuziba?"

Mimi nilitaka kutoka, lakini alikuwa amesimama kati yangu na mlango. Kocha Pruett aliisimamisha video. Mtu yule alikuwa na kasoro nyingi, ila katika miaka minne sikumsikia akimdanganya mchezaji, na naamini alitafuta namna, kwa sababu alichelewa kujibu.

"Ningepata," akasema. "Mtu hupatikana."

Orrin aliitikia kwa kichwa, kama alivyokubali siku ile ya mwaka wa tatu. Alisema asante, akanipisha mlangoni kwa heshima ili nitangulie, na tukatembea korido nzima pamoja. Nje alipinda kushoto kuelekea maegesho, nami kulia.