Mtoto wa Nyuma ya Mashine

Wiki jana, kwenye kliniki ya watoto mjini Homa Bay, nyanya mmoja alipiga makofi mara tatu nyuma ya kichwa cha mjukuu wake wa miezi miwili. Mtoto alikuwa amelala fofofo, hakushtuka.

"Umeona, sista? Nyumbani nimegonga hata sufuria. Huyu hasikii."

Muuguzi alimgeukia mama mtoto. "Mnakaa wapi?"

"Muhuru Bay, nyuma ya mashine ya kusaga unga."

"Na siku mashine ikizimwa, mtoto hulala?"

Mama akajibu, "Mwenye mashine ni Msabato, Jumamosi hafungui. Siku hiyo mtoto halali kabisa, analia tu."

"Masikio tutampima leo," muuguzi akasema akiandika, "lakini hizo kelele amezizoea tangu tumboni."

"Sasa tumwambie mtu wa watu asage siku ya Sabato?" nyanya akafoka.

Benchi nzima tuliokuwa tukisubiri zamu tukaingilia, kila mtu na ushauri wake, mimi nikiwa wa kwanza. Makofi, sufuria, ushauri: sisi wakubwa tulikuwa tumejaribu kila kitu isipokuwa kunyamaza. Muuguzi akaweka kidole mdomoni. Tukatulia tuli.

Mtoto akafumbua macho, akaangua kilio.