Fundi na Diski Yake

Fundi wa tovuti yetu ya bei za sokoni alinipotezea bei za vitunguu za siku sita. Sote tunajitolea, ila mimi ndiye ninayezunguka Kariakoo kuziuliza. Yeye hukaa na kompyuta, akiipangusa kwa leso yake ya jasho na kuiongelesha taratibu kama mgonjwa.

"Mama, diski ikiandika kila saa inachoka," aliniambia. "Siku hizi kompyuta inazikariri tu bei kichwani, inaziandika kwenye diski kila Jumapili."

Jumamosi umeme ukakatika, bei zote za wiki zikafutika.

"Na miguu yangu haichoki?"

Akaitazama kweli miguu yangu, kisha akasema, "Lakini diski nzima kabisa, mama."

Wauza vitunguu hawazioni bei zao kwenye tovuti, wananiita mwongo. Bado nina deni naye: apite meza kwa meza, aseme kwa mdomo wake kwamba aliyezipoteza ni yeye.