Mazao ya Nyuma ya Nyumba ya Bi Tausi

Nitawaeleza mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine. Shamba la mkonge nilikokuwa karani lilipofungwa, niliamua kuwa mfanyabiashara, maana siku hizo biashara ilikuwa imeruhusiwa kwa kila mtu. Bi Tausi, mjane aliyeishi kijiji cha Mabwerebwere, akakubali kuniuzia nyumba yake ya barabarani, yeye ahamie kwa binti yake kijiji cha Ulaya, hukuhuku Kilosa. Mkataba niliuandika mwenyewe kwa majivuno ya ukarani: muuzaji atahama akishavuna mazao yake yaliyo nyuma ya nyumba.

Watu walivuna mahindi, wakamaliza. Nikaenda kumkumbusha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Bado sijavuna."

Nilirudi mara ya pili, nikajibiwa vilevile. Nikaona ananifanya mtoto, nikamshitaki kwa kuvunja mkataba.

Mahakamani nilivaa koti na kuusoma mkataba kwa sauti kubwa. Hakimu akaniuliza ni mazao gani.

"Mahindi, mheshimiwa. Kilosa nzima imeshavuna."

Bi Tausi akasimama taratibu, ameshika kiuno.

"Ni mihogo, mheshimiwa. Ndiyo kwanza ina miezi sita. Siku ya kuandikishana nilimwita aje aione, akasema hana haja. Alikuwa anapima kibaraza atakapoweka duka."

Hakimu akanigeukia. "Umewahi kufika nyuma ya nyumba unayoinunua?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini yule mama alikuwa ananitazama kwa huruma, kama mzazi anayeona haya kwa ajili ya mwanawe.

"Hapana, mheshimiwa," nikajibu.