Kaniki ya Kuchomwa

Mimi si mtu wa kuogopa vitambaa. Nimeshona sare za shule, magauni ya harusi, majoho ya kwaya na, mara mbili, bitana ya jeneza, na sijawahi kukosa usingizi kwa sababu ya nguo. Kwa hiyo kanisa letu pale Matinyani lilipoamua kuigiza jinsi Injili ilivyofika kwetu, na mimi nikapewa kazi ya mavazi, niliogopa kitu kimoja tu: kwamba kamati ingetaka niwavalishe mababu zetu poliesta.

Kwenye mavazi ya kale sina simile. Nilianza na mmishonari. Drili nzito ya kaki niliipata kwa muuza sare, na vifungo vya pembe nikavinyofoa kwenye koti la mitumba lililokuwa limeliwa na nondo. Waongofu wa kwanza walivaa marekani, ile pamba nene isiyopakwa rangi, na siku hizi marekani nzuri ni ya kutafutwa kwa tochi, basi nikanunua shuka za mitumba za pamba tupu nikazichemsha na majani ya chai mpaka weupe wake ukazeeka. Waya za shaba za kuviringisha mikononi nilipewa na fundi wa stima, mabaki yake. Kila kitambaa nilikipima kwa kiberiti. Unachomoa nyuzi mbili, unazichoma. Pamba hunuka karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta hujikunja ikawa kidonge kigumu. Wauza mitumba wananijua, na wengine wakiniona natoa kiberiti hugeuka upande mwingine.

Safari hii moto ulikuwa na sababu zaidi. Kilele cha mchezo kilikuwa mwanamke anayevua nguo yake ya ngoma ya aimu, zile roho ambazo wazee walisema humpanda mtu na kumlaza kitandani mpaka apewe nguo wanayoitaka. Nguo hiyo ingechomwa mbele ya watu wote, na mchungaji alitaka moto wa kweli.

"Hakikisha inashika vizuri," aliniambia. "Watu waone."

Ilipaswa kuwa kaniki, ile pamba ya buluu iliyoiva mpaka ikakaribia weusi. Nilizunguka Kitui mjini asubuhi nzima. Vijana wa madukani hawakulijua hata jina. Mwishowe nikaelekezwa kwenye kiduka nyuma ya soko, ambako mwanamke mzee alikuwa amekaa peke yake katikati ya ndoo za plastiki. Nilipotaja kaniki aliacha kutazama mkoba wangu, akanitazama usoni.

"Nani mgonjwa kwenu?"

"Hakuna mgonjwa. Ni ya mchezo wa kanisa."

"Sawa," alisema, kwa sauti ya mtu anayemwacha mtoto amalize uongo wake.

Hakutoa jora. Alitoa kipande kimoja kilichokunjwa, kutoka chini ya kaunta. Nilimwambia nataka nusu, akasema hiyo haikatwi, unabeba yote au unaacha. Nikatoa kiberiti changu. Akanishika kiganja.

"Usichomee hapa. Kama ni kuchoma, chomea kwenu."

Nililipa huku nimekasirika. Sipendi kufundishwa kazi. Nje, kwenye mwanga, niliikagua: pamba safi, nzito kuliko ukubwa wake. Kwenye kona moja kulikuwa na mishono mitatu mifupi ya uzi mweupe, ya mkono, iliyopinda.

Sikuwa nimefika hata kwenye stendi wakati wifi yangu alipopiga simu kutoka Kasikeu, upande wa Makueni, anakoishi mama yangu na kaka yangu.

"Mwaitu hajakula tangu Jumatatu," alisema, maana kwetu mama ni mwaitu. "Hatukutaka kukusumbua."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nikahesabu kwa vidole. Ugonjwa ulianza kabla ya mimi kuigusa hiyo nguo, kwa hiyo nguo haikuuleta. Hesabu hiyo ilinituliza kwa muda wa saa moja hivi. Halafu nikaona swali la yule mzee dukani limebaki palepale.

Nilifika Kasikeu Ijumaa, na kazi yangu mkobani kwa sababu mchezo ulikuwa Jumapili. Mama alikuwa amelala akitazama ukuta. Alikuwa mtu wa kanisa tangu utotoni, kiongozi wa akina mama, sauti ya kwanza kwenye kwaya, na sasa hakutaka hata maji. Hospitali walimpima wakasema hawaoni kitu. Kaka alisema ni uzee.

Saa sita mchana joto lilikuwa limenyamazisha hata kuku. Nilikaa karibu na mlango wa chumba chake ili nipinde kaniki. Kwanza niipime, nikawaza, na hapa ndipo kwetu. Nikachomoa nyuzi mbili nikaziwasha. Zilinuka karatasi, na chini ya karatasi kulikuwa na harufu nyingine, chungu, ambayo sijawahi kuinusa kwenye pamba yoyote.

"Nani anachoma nguo ya mwaitu?"

Sauti ilikuwa ya mtoto. Sisemi ilifanana na ya mtoto. Niligeuka, na mama yangu, ambaye kwa siku nne aligeuzwa na watu wawili, alikuwa ameketi wima kitandani akiitazama kaniki mapajani mwangu.

Alinieleza jambo ambalo hakuwahi kulisema nyumbani kwetu hata siku moja. Baba yake alipookoka aliamuru vitu vyote vya ngoma vitolewe na kuchomwa, pamoja na kaniki ya mkewe, ile aliyopewa alipougua akapona. Watu walisimama uani, mwalimu wa dini akiwa kati yao.

"Hakuna aliyetaka kuishika," mama alisema. "Hata huyo wa Biblia. Wakanituma mimi. Walisema aimu hawana shida na mtoto. Mwaitu alikuwa kwa kiti akaniangalia nikipita nayo. Hakulia. Akaanza kuugua tena, na nguo haiko. Mbaazi hazikuwa zimekomaa, tukamzika."

Aliinua mikono yake akaitazama.

"Miaka hii yote naimba, na nikifunga macho naona hii mikono."

Mimi, mwenye jibu la kila kitu, nilimwambia yalikuwa mapenzi ya Mungu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Alinitazama kama mtu anayetazama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

"Ilikuwa na mishono mitatu kwa kona," alisema. "Nilishona mimi. Alikuwa ananifundisha kushika sindano."

Niliikunja ile kona ndani ya ngumi. Baadaye nilijiambia kwamba kila mama humfundisha mtoto kushona kwenye kona, mahali ambapo makosa hayaonekani. Ni kweli, mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo. Lakini niliificha.

"Nipe," alisema.

Kaka alikuwa amefika mlangoni. "Hiyo kitu haingii kwa hiyo kitanda," alisema. "Mimi ni mzee wa kanisa. Watu watasema nini?"

"Watasema mwaitu anasikia baridi," nikamjibu, na nikamfunika.

Aliivuta mpaka shingoni akalala. Jioni aliamka akaomba uji. Alimaliza kikombe, akaomba kingine. Nilifurahi, nisidanganye. Lakini pia niliogopa kwamba atapona. Angekufa, ningejua la kufanya: nyimbo za msiba nazijua zote. Kwa hili hatuna wimbo.

Jumamosi nilirudi Matinyani nikachemsha shuka yangu ya mwisho kwa pakiti za rangi nyeusi na buluu mpaka ikafanana na kaniki. Mchungaji nilimwambia mama anakula, lakini habari ya nguo sikumwambia. Wasichana wa mchezo niliwaambia wazi: hii ni shuka ya mitumba, imetoka kitanda cha mzungu fulani, nimeipaka rangi mwenyewe. Walicheka sana.

Jumapili mwigizaji aliivua akaiangusha chini, kama tulivyofanya mazoezi. Msichana aliyepaswa kuipeleka motoni akasogea, akasimama. Akamtazama mwenzake. Mwenzake akamsukuma wa tatu. Watu walicheka kidogo, halafu wakaacha kucheka.

"Leteni, leteni," mchungaji alisema kwenye kipaza sauti, naye alikuwa hatua mbili tu kutoka pale ilipoanguka.

Hakuna aliyeinama. Mimi hasira zangu ziko karibu, na siwezi kutazama kazi yangu ikilala vumbini. Niliinuka kwenye benchi, nikaiokota, nikaibeba mpaka motoni nikaitupa. Ilishika vizuri. Watu walipiga makofi, na mchungaji akatangaza kwamba mama yangu wa Kasikeu, ambaye kanisa lilikuwa limemwombea, ameamka na anakula. Nilisema amina pamoja na wengine.

Alasiri nilipiga simu nyumbani. Wifi alisema mgonjwa yuko uani anaota jua, hataki kuivua ile nguo, na kaka amehamia kula kwa jirani. Kisha akampa mama simu. Sauti ilikuwa yake tena, ile ya kwaya.

"Mmechoma?"

"Tumechoma, mwaitu. Lakini si hiyo yako."

"Hiyo najua, niko nayo. Nani alibeba?"

Ningeweza kumtaja mmoja wa wasichana.

"Mimi," nilisema. "Ilikuwa shuka tu, mwaitu."



"Hata mimi waliniambia ni nguo tu," alisema.