Chura Aliyeitwa Bura

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Misitu wa Wilaya pale Katesh alinikabidhi panga na koti la mvua. Akaniambia, "Wewe kijana wa Maretadu, msitu hulindwa kwa masikio. Tembea polepole." Nikatembea polepole. Serikali ikaja kupunguza watu makazini, mkoa wa Manyara ukakatwa kutoka Arusha, na katika msitu ule wa mlimani tukabaki walinzi wawili: mimi na Bura wa Masakta.

Chura yule nilimsikia mimi. Mvua zikianza, juu kwenye ukungu, kulikuwa na mlio kama wa mtu anayegonga sufuria kwa kucha. Bura alisema ni mdudu. Watafiti wa chuo kikuu walipokuja, niliyewaongoza ni mimi, niliyewaonyesha gogo ulikotoka mlio ni mimi. Bura alipeleka mkono tu chini ya gome lililooza, akamtoa chura. Mikono mikubwa, basi!

Profesa wao alimpima mguu, akamtazama tumbo, akasema hajapata kuandikwa popote. Akatueleza kwamba chura mmoja huchaguliwa kuwa kielelezo: anahifadhiwa kwenye spiriti, na wenzake wote watakaopatikana hulinganishwa naye. Kisha akanyoosha kidole kwenye viganja vya Bura, chura alimokaa, akaniuliza, "Na huyu, hapa mnamwitaje?"

Nikadhani anamuulizia mwenzangu. "Huyu? Tunamwita Bura."

"Bura! Jina zuri. Tutampa hilohilo."

"Hapana, Profesa. Bura ni huyu mtu!"

Akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Basi vizuri zaidi. Si ndiye aliyemshika?"

Mimi nilimsikia tu. Mlio haushikiki. Wivu uliniingia palepale, na mpaka leo haujatoka. Jina la Bura likaenda kwenye vitabu vya dunia, tena kwa mdomo wangu mwenyewe, na yeye njiani akaniuliza kama kuna chai.

Sasa sote tumestaafu. Mvua zikianza napanda hadi ukingo wa msitu, nasimama, nasikiliza. Chura wangu bado anagonga sufuria yake.

Siku za mnada tunakutana Katesh. Watoto wakimwona Bura wanamsalimia, "Shikamoo, Mzee Chura!" Ananuna, anageuza uso, anasema hawana adabu.

Wananipita mimi kimya. Laiti wangekosea siku moja tu wakaniita mimi hivyo. Ningeitika marahaba kabla hawajamaliza.