Sarafu Nyekundu ya Dorika

Theopista, ambaye soko zima la Kharumwa lilimwita Mama Dorika, aliuza chenji kando ya dubwi, ile mashine ya kamari inayokula sarafu za mia mbili. Ukimpa noti ya elfu mbili alikupa sarafu tisa. Ya kumi ilikuwa riziki yake. Yeye mwenyewe hakucheza hata siku moja. Dubwi alikuwa akiliita fisi, tena fisi asiyeshiba.

Kwenye pindo la khanga alifunga sarafu moja isiyouzwa. Binti yake Dorika aliipaka rangi nyekundu ya kucha wiki moja kabla homa haijamchukua, akasema, "Hii ya kwako, mama. Usimpe mtu."

Jumamosi moja wachimbaji waliokuwa wametoka kuuza dhahabu walimzonga, chenji ikakaribia kumwishia. Mmoja akafoka kwa Kisukuma chake cha kumwita mama, "Mayu, bado moja!" Vidole vya Theopista, kwa mazoea, vikafungua fundo, vikampa ile nyekundu. Alipozinduka, dubwi lilikuwa limeshaimeza.

Tangu hapo alicheza kila siku, riziki yote ikaishia humo. Watu walimcheka, eti naye kaingiwa na pepo la kamari.

Kisha Alhamisi moja mashine ikatapika sarafu hadi zikamwagika sakafuni. Watu wakapiga kelele, "Mama Dorika kashinda!"

Theopista akapiga magoti, akazigeuza moja moja mpaka ya mwisho. Nyekundu haikuwamo. Akafuta macho kwa lile pindo tupu, akainuka, akaanza kuzirudisha zote ndani.