Sauti ya Chini

Yule rapa akiingia studio kwangu, hufungua mlango kana kwamba kuna mtoto mchanga amelala ndani. Funguo za gari huzifumbata kiganjani zisilie. Kiti hakiburuti, hukinyanyua kwa mikono miwili na kukitua taratibu. Halafu ule mkufu wake wa dhahabu, unaong'aa kwenye mabango barabara nzima, huutumbukiza ndani ya fulana. Ndipo anarap, kwa ile sauti ya chini iliyompa jina, na mimi fundi mitambo naipandisha hadi mwisho. Waandishi wanaiita staili. Vijana wanaiiga mpaka koo zinawakauka. Hata mimi nilidhani ni madoido ya staa, hadi wiki iliyopita alipokuja na mama yake.

Mama alikaa pembeni yangu, mkoba mapajani, akimtazama mwanawe nyuma ya kioo. Katikati ya ubeti, upepo ukabamiza mlango wa korido. Jamaa akakata neno, akaziba mdomo kwa kiganja, macho mlangoni. Mtu mzima, na ndevu zake zote! Sikujua nicheke au niombe radhi. Mama akainamia maiki yangu, ile ya kuongea na aliye chumba cha kurekodia.

"Mwanangu, toa sauti. Baba yako hayupo tena. Hatumwamshi mtu."

Jamaa akashusha kiganja mdomoni. "Haya, mama."

Akaanza upya, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, ilinibidi nipunguze.